Siku ya chanjo shuleni: ni huduma zipi nyingine za vijana zinazoweza kuambatana nayo?

Muuguzi wa Mukuru

Naomba mawazo ya wenzangu walio katika afya ya jamii, ya walimu, na hata ya wazazi, kuhusu jambo ambalo tumekabidhiwa na ambalo ningependa tulifanye vizuri tangu mwanzo. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha umma upande wa Embakasi Kusini, Nairobi. Eneo tunalohudumia lina shule chache za umma zenye wanafunzi wengi mno, pamoja na shule nyingi ndogo za binafsi, zile tunazoziita APBET, zilizobanana kati ya nyumba za mabati za Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben. Huwa tunakwenda katika shule hizo na sanduku la chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa ajili ya wasichana waliofikisha miaka 10, na pia wale waliopitwa lakini hawajafikisha miaka 15.

Sasa tumeombwa tupendekeze namna ya kuunganisha ziara hiyo na huduma nyingine za afya ya vijana. Orodha iliyotajwa katika kikao cha kwanza ilikuwa ndefu: dawa za minyoo, upimaji wa macho, uzito na urefu, elimu ya hedhi, sodo, tembe za madini ya chuma, afya ya akili, elimu kuhusu VVU, na hata huduma za afya ya uzazi kwa wale wakubwa. Sababu yake naielewa na ninaiunga mkono. Mtoto akishapata dozi ya pili ya surua akiwa na miezi 18, kliniki yetu haimwoni tena hadi augue, au, ikiwa ni msichana, hadi aje akiwa mjamzito. Hiyo ni miaka kumi na zaidi ambayo hakuna mhudumu wa afya anayekaa naye na kumuuliza hali yake, na chanjo ya HPV ndiyo nafasi karibu pekee iliyopo kati ya nyakati hizo mbili.

Hofu yangu ni kwamba tutabebesha ziara moja mambo mengi hadi chanjo yenyewe, ambayo ndiyo iliyotupeleka pale, iharibike. Kwa kawaida tunakuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja wa afya ya jamii, na tunatakiwa kumaliza shule moja kabla ya saa saba. Muhula uliopita, katika shule mojawapo, tulipewa darasa la Gredi ya Tano, tukaweka sanduku la chanjo juu ya dawati mbali na jua la dirishani, na wasichana wakaingia mmoja mmoja wakivua mkono mmoja wa sweta. Msichana aliyekuwa ameketi akisubiri baada ya sindano aliniuliza kwa sauti ya chini kama damu ikimtoka mtu darasani kwa mara ya kwanza ina maana kwamba ameumia ndani. Nilimjibu kwa sentensi mbili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Swali lile lilistahili robo saa, na nina hakika hakuwa peke yake aliyekuwa nalo.

Kwa hiyo nauliza: ni huduma zipi mngeweka katika siku ile ile ya chanjo, zipi mngeziacha kwa siku nyingine au mahali pengine, na je, wavulana wanaobaki darasani wakitazama tuwafanyie nini?

Daktari wa Afya ya Jamii, Nairobi

Dada Muuguzi, asante kwa kuuliza kabla mpango haujaandikwa. Naomba nianze na umri, kwa sababu naona kikao chenu kimewachanganya watoto wa makundi mawili tofauti. Chanjo ya HPV imelengwa kwa mtoto wa miaka 10 kwa sababu inamkinga vizuri zaidi ikitangulia kabla hajakutana na kirusi chenyewe. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita afya ya vijana, yaani magonjwa ya zinaa, kuzuia mimba, kupima VVU, dawa za kulevya, inamhusu kijana wa miaka 14 na kuendelea. Ukiyaweka yote katika foleni moja, utampa mdogo asichokihitaji na kumnyima mkubwa faragha anayoihitaji. Mtoto wa Gredi ya Tano anahitaji mambo machache: aambiwe mapema hedhi ni nini, apimwe macho, apewe dawa ya minyoo ikiwa eneo lake limepangiwa, apimwe uzito na urefu kama kuna mtu wa kufanya jambo fulani kuhusu matokeo hayo. Kama hakuna wa kufanya jambo, mizani ibaki kituoni.

Kigezo ninachokitumia mimi ni rahisi: huduma inayoambatana na chanjo iwe inamalizika pale pale, au iwe na mtu anayejulikana atakayeimalizia. Tembe ya minyoo humezwa na kazi ikaisha. Elimu ya hedhi ikitolewa vizuri imekamilika kwa siku hiyo. Upimaji wa macho ni tofauti, kwa sababu mtoto anayeonekana kuwa na tatizo ni lazima afike hospitali, na hapo ndipo wengi hupotea. Kuna utafiti uliofanyika Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka 2018 ambapo walimu walitumia simu kupima macho ya wanafunzi. Katika shule ambazo wazazi walikumbushwa kwa ujumbe wa simu na kuonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, asilimia 54 ya waliopewa rufaa walifika kwa mtaalamu, ilhali katika shule zilizotumia utaratibu wa kawaida wa karatasi walifika asilimia 22 tu. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo kubwa kuliko yote kwa mpango wenu, kwa sababu upimaji usiofuatiliwa humwachia mzazi wasiwasi na mtoto akabaki na macho yale yale.

Kuhusu muda, mnao zaidi kuliko mnavyodhani. Vijana wa umri huu huzirai baada ya sindano kuliko watoto wachanga au watu wazima, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri waketi na kuangaliwa kwa dakika 15 baada ya kuchanjwa. Katika shule nyingi dakika hizo hupita watoto wakibonyezana mikono na kutishana. Mwekeni hapo mtu wa tatu, awe mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa au mwalimu wa kike wanayemwamini, na benchi hilo la kusubiri ndilo liwe mahali pa elimu ya hedhi na pa kujibu maswali. Wapeni vikaratasi waandike maswali bila majina, kwa sababu yule aliyekuuliza kwa sauti ya chini alikuwa jasiri, na wengine wengi hawathubutu. Mwenye kuchoma sindano abaki na kazi ya kuchoma sindano, na mwenye kujibu maswali asiguse sanduku la chanjo. Pia hakikisheni wanaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, kwa maana mmoja akizirai mbele ya foleni, wanne wengine watamfuata bila ugonjwa wowote.

Mifano ya nje inatusaidia, ingawa si ya kunakili. Rwanda ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2011 kupitia shule na ikavuka asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Afrika Kusini ilianza mwaka 2014 kwa wasichana wa gredi ya nne katika shule za umma, ikiegemea mpango wa afya ya shule uliokuwapo tayari. Mwanza, Tanzania, walilinganisha kuchanja kwa darasa na kuchanja kwa umri, na darasa likatoa matokeo bora, jambo ambalo mwalimu yeyote angeweza kutabiri. Sisi wenyewe tulikuwa na majaribio ya Kitui kuanzia mwaka 2013, yaliyofanyika kupitia shule. Kisha tulipozindua chanjo nchi nzima Oktoba 2019 tuliiegemeza zaidi kwenye vituo vya afya, na miezi mitano baadaye shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Ndiyo maana dozi ya pili ilibaki nyuma sana ya ya kwanza: mtoto mwenye afya njema wa miaka 10 haendi kliniki kwa hiari yake.

Sasa kuna badiliko ambalo lazima mlipangie. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali ratiba ya dozi moja kwa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 20, na ushahidi mmojawapo ulitoka hapa kwetu, katika utafiti wa KEN SHE uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu, ambapo dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za HPV zilizolengwa kwa takriban asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Dozi moja inawapunguzia ziara moja. Wahasibu watataka ziara hiyo ifutwe. Ningewasihi mpiganie ibaki, lakini iwe ya kazi nyingine: kuwatafuta waliokosa, kuuliza waliopewa rufaa kama walifika, na kuzungumza na wale wa sekondari msingi (Gredi ya Saba hadi ya Tisa), ambao wengi wao wako katika uwanja huo huo wa shule.

Huduma za uzazi, yaani kutoa njia za kupanga uzazi au kupima mimba, msiziweke katika siku ya chanjo hata kidogo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na homoni ya kufunga kizazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, lakini hadi leo ukienda na sindano kwa wasichana peke yao utasikia mnong'ono ule ule. Ukiweka vidonge vya kupanga uzazi katika meza iliyo kando ya chanjo, utakuwa umewapa wavumi ushahidi walioukosa.

Mwalimu wa Gredi ya Sita

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza yale ambayo wahudumu wa afya hawayaoni wakiwa upande wao wa lango. Kipindi katika gredi za juu za shule ya msingi ni dakika 35. Mkiniambia mtamchukua mtoto kwa dakika 20 naweza kulipanga, lakini mkinichukulia asubuhi nzima bila kunieleza, mwaka ujao mwalimu mkuu atawapa tarehe isiyofaa na hamtajua kwa nini. Njooni muhula wa kwanza au wa pili. Muhula wa tatu Gredi ya Sita na ya Tisa wana mitihani ya kitaifa, na hakuna atakayewasikiliza. Njooni baada ya saa nne, watoto wakiwa wamekwisha kunywa uji, kwa sababu wengi wetu hapa tunafundisha watoto waliotoka nyumbani bila kula chochote, na nadhani sehemu ya kuzirai kule daktari alikokutaja inatokana na njaa.

Nakubaliana kabisa na suala la kuchanja kwa darasa. Umri ulioandikwa katika rejesta na umri wa kweli wa mtoto mara nyingi haviendi sambamba, hasa kwa watoto waliohamia kutoka mashambani au waliochelewa kuanza shule. Mkiita wasichana wa miaka 10 tu, mtawatoa watatu darasa hili na watano darasa lile, na kila aliyebaki atauliza kwa nini yeye hakuitwa. Mkiita Gredi ya Tano nzima, hakuna anayejiona ametengwa.

Na hapa ndipo wavulana wanapoingia. Tafadhali msiwaache. Si kwa ajili yao tu, ingawa nao wana macho mabovu na minyoo kama wenzao, na pia wanapaswa kujua hedhi ni nini ili waache kumcheka msichana aliyechafua sketi. Ni kwa ajili ya chanjo yenyewe. Siku ambayo wasichana peke yao wanaitwa nje ya darasa, uvumi unafika nyumbani kabla ya kengele ya jioni. Siku ambayo darasa lote linaitwa, huyu akapimwa macho na yule akachanjwa, inakuwa siku ya afya ya shule na hakuna mzazi anayeshtuka. Nimeyaona yote mawili katika shule mbili tofauti nilizofundisha, na tofauti ilikuwa kubwa sana.

Kuhusu sodo, naomba jambo hili liandikwe katika mpango kwa herufi kubwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yanaipa serikali wajibu wa kumpa sodo bila malipo kila msichana aliyebaleghe ambaye amesajiliwa katika shule ya umma. Shule ya umma. Wasichana wa shule za APBET hawamo, na huko Mukuru, Kibra na Mathare hao ni wengi. Kwa hiyo mkienda katika shule ya umma na kusema mtatoa sodo, mtakuwa mnarudia kazi iliyo na mwenyewe, hata kama haifanyiki ipasavyo. Mkienda APBET bila sodo, mtakuwa mmemfundisha msichana habari za hedhi na kumwacha na kitambaa kile kile. Kama mna katoni chache tu, zipelekeni huko.

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Mathare

Kwa heshima zote, daktari, kuna sehemu moja ambayo sikubaliani nawe moja kwa moja, na nitaieleza. Nakubali kwamba huduma za uzazi zisikae karibu na sindano. Lakini kusema ziwe mahali pengine halafu tukanyamaza hakutoshi, kwa sababu msichana wa miaka 15 ninayemjua mtaani kwetu hatakwenda mahali hapo pengine. Saa za kliniki ni saa zake za shule. Akienda Jumamosi anakutana na jirani ya mama yake kwenye benchi. Kwa baadhi ya wasichana hawa, siku ya chanjo ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambayo watamwona muuguzi akiwa hana haraka ya kuwakaripia.

Ninachopendekeza ni kwamba katika ile ziara ya pili mliyoitaja, ya wanafunzi wakubwa wa sekondari msingi, muuguzi asitoe chochote bali ajitambulishe. Aseme anapatikana kituo gani, siku zipi, kuanzia saa tisa alasiri wanapotoka shuleni, na kwamba mlango wake ni upi. Na kituo kiwe kweli kinafunguliwa saa hizo. Nimeona vyumba vingi vyenye bango la huduma rafiki kwa vijana ambavyo hufungwa saa tisa na nusu. Msichana akimjua muuguzi kwa sura, anakuja. Huo mnaweza kuuita rufaa au mkauita jina jingine, ila ndio unaofanya kazi kwetu.

Jambo la pili ni watoto wasiokuwa shuleni. Mipango yote hii ya shule huwaacha wale wanaolea wadogo zao nyumbani, wale waliotumwa kufanya kazi za ndani, na wale wanaohamahama. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 na ubomoaji uliofuata kando ya Mto Mathare, familia nyingi zilihama, na watoto wakakaa majuma kadhaa bila shule yoyote. Wapo wasichana waliopata dozi ya kwanza katika shule moja na hawakuwa tena katika rejesta yoyote ya kuwatafuta. Sisi wahudumu wa jamii tunazijua nyumba hizo na tunazitembelea kila mwezi. Tukipewa majina ya waliokosa siku ile ile, si baada ya miezi mitatu, tunaweza kuwaleta kituoni katika juma hilo hilo. Lakini kwa kawaida hatupewi. Karatasi ya kuhesabia inapelekwa ofisi ya kaunti ndogo ikiwa na idadi tu, na idadi haina nyumba wala jina la mama.

Mzazi, Kayole

Mimi si mtaalamu. Nina binti wa Gredi ya Nne na mvulana wa Gredi ya Saba, na ningependa wataalamu wasikie namna barua zao zinavyosomeka huku. Barua ya mwisho niliyoletewa na mtoto ilikuwa ya Kiingereza, ikisema kutakuwa na zoezi la afya shuleni, nikatakiwa kutia sahihi. Zoezi gani? Sindano, dawa, au mafunzo? Niliitia sahihi kwa sababu mwalimu nampenda, lakini mama wa nyumba ya pili alikataa, na simlaumu.

Nikiandikiwa kwa Kiswahili kwamba binti yangu atachanjwa dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka, nitakubali bila kusita, kwani nimemzika shangazi yangu kwa ugonjwa huo. Nikiandikiwa kwamba watapimwa macho, nitashukuru. Nikiandikiwa kwamba watafundishwa habari za hedhi, nitataka kujua nani anafundisha na atasema nini, kisha nitakubali. Ila msiniwekee yote matatu katika sahihi moja. Mzazi anayekataa jambo moja katika karatasi ya namna hiyo anakuwa ameyakataa yote, na mtoto anakosa chanjo kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Na mkutano wa wazazi uwe Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada. Siku za kazi wengi wetu tunatoka alfajiri kwenda viwandani au kutafuta vibarua, na mkutano wa saa tano asubuhi hupata wale wale kumi.

Daktari wa Afya ya Jamii, Nairobi

Mama, umeeleza jambo ambalo hata sheria inalitaka. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaweka huduma za afya ya uzazi kwa watoto chini ya idhini ya wazi ya mzazi au mlezi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Kwa hiyo karatasi yenye mstari mmoja kwa kila huduma, na nafasi ya kukubali au kukataa kila mstari, ni heshima kwa mzazi na ni kinga kwa muuguzi pia. Na chanjo iwe mstari wa kwanza.

Mhudumu wa Mathare, nimekubali hoja yako kuhusu muuguzi kujitambulisha, na ninaiona bora kuliko kikaratasi cha rufaa. Kuhusu majina ya waliokosa, nakala ya rejesta ya darasa inaweza kukaguliwa na mhudumu kabla timu haijaondoka shuleni, akaandika wa eneo lake tu. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na taarifa zinabaki kwa mtu anayezihitaji.

Muuguzi wa Mukuru

Nawashukuru sana nyote. Rasimu yangu sasa ina ziara mbili. Ya kwanza ni ya Gredi ya Tano nzima: chanjo kwa wasichana, macho na dawa ya minyoo kwa wote, elimu ya hedhi katika zile dakika 15 kwa wasichana, na kwa wavulana wakati uo huo katika darasa la pili wakiwa na mwalimu. Ya pili, baada ya miezi michache, ni ya waliokosa, ya waliopewa rufaa ya macho, na ya sekondari msingi. Tembe za madini ya chuma nimeziondoa kwa sasa, kwa sababu humezwa kila juma na sisi hatuko pale kila juma. Afya ya akili pia nimeiondoa katika siku ya chanjo, ingawa imeniuma, kwani hatuna mshauri hata mmoja wa kumpelekea mtoto atakayefunguka.

Limebaki swali moja. Katika shule zetu kuna wasichana wanaoishi na VVU, na baadhi yao hawajaambiwa hali yao na wazazi. Hawa hawatoshelezwi na dozi moja. Niwafanyeje bila kuwaanika?

Daktari wa Afya ya Jamii, Nairobi

Swali muhimu, na hatari yao ni kubwa: mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye na VVU. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu.

Shuleni mchanje kama wenzake, kwa foleni ile ile, bila alama yoyote pembeni ya jina lake na bila swali lolote. Dozi zinazobaki apewe katika kliniki ya matunzo ya VVU anakochukulia dawa, ambako tayari anafika kwa tarehe zake na mzazi au mlezi huwa naye. Kinachohitajika ni kliniki hiyo iwe na chanjo ya HPV katika jokofu la kituo, na muuguzi wake awe anauliza kila msichana wa miaka 9 na kuendelea kama alichanjwa shuleni na lini. Ndiyo sababu kadi ya chanjo anayopewa shuleni lazima iwe na tarehe inayosomeka, na mtoto aambiwe aipeleke nyumbani. Zungumza na mwenzako wa kliniki hiyo kabla ya ziara ya kwanza, mkubaliane ni dozi ngapi aagize, kwa sababu maombi ya chanjo ya kituo chenu hukadiriwa kwa idadi ya wanafunzi, na hizi za ziada hazimo.